Mashimo meusi na programu inayokwama

Jamani, juzi nimekesha na programu inayokwama, nikajifariji kwa kisa hiki. Mwaka 1964 Hahn na Lindquist walijaribu kuiga kwa tarakilishi mashimo meusi mawili yakigongana. Hawakufika mbali. Ikawa hivyo miaka na miaka: kosa dogo linakua, namba zinalipuka, programu inakufa kabla mashimo hayajaungana. Ni 2005 ndipo Frans Pretorius alipoyafikisha mwisho, tena kwa kuiandika upya milinganyo ya Einstein kwa namna isiyolipuka, si kwa kungoja mashine kubwa tu. (Bosi, unasoma?)

LIGO ilipoyanasa mawimbi ya mvutano tarehe 14 Septemba 2015, uigaji wa aina hii ndio uliosaidia kukadiria uzito wa mashimo yale: kama jua 36 na 29. Sifa nyingi zikaenda kwa mitambo. Sawa, lakini msimbo nao ni chombo cha sayansi, na makundi mengine bado yanauficha wao. Hapo siwaelewi. Nani atakagua? Einstein Toolkit iko wazi, ipakueni. Kwa nyota moja ya nyutroni laptop yatosha. Kwa mbili zinazogongana, tafuteni msaada.