Mila ya Mnazi na Ugonjwa wa Mnazi

Kila ulevi unapotajwa hapa Pwani ya kusini, tangu Diani hata Msambweni, hakosi mtu wa kutukumbusha kwamba mnazi ni mila yetu. Mimi silikatai hilo. Kwa Wadigo na Waduruma, kama kwa Wamijikenda wenzao, uchi wa mnazi ulikuwa na heshima yake: ulipelekwa kwa wazee wakati wa posa, ukamwagwa kwenye tambiko, ukanywewa matangani. Lakini watetezi wa mila hiyo husahau nusu yake ya pili, kwamba wazee ndio waliotangulia na ndio waliogawa. Anayeamkia mangweni kabla ya kutia kitu tumboni, akalipa kwa fedha ya unga wa watoto, anatimiza mila gani?

Wengine husema ni maji ya mti tu. Hoja hiyo haina miguu. Mgema anapoushusha, mnazi ni mtamu, lakini chachu huanza kazi mle mle kibuyuni. Kufikia jioni ni tembo kali, na nguvu zake hukaribia zile za bia. (Ukilala siku kadhaa huwa siki, wala hapo hakuna anayeugombania.)

Mwili nao huzoea. Kipimo cha jana leo hakitoshi, kisha inafika asubuhi mikono inatetemeka mpaka mtu apate cha kuituliza. Hapo, ndugu msomaji, hamu imekwisha na ugonjwa umeanza. Ini hujaa mafuta, baadaye hufanya makovu. Macho huwa ya manjano, tumbo hujaa maji, na wako wanaotapika damu. Shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliweka kileo katika orodha ya visababishi vya kansa tangu 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likatamka kwamba hakuna kiasi kisicho na madhara. Halikubagua mnazi na chupa ya hoteli.

Sheria ya Kenya ya 2010 inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18. Ni sheria njema, ila mtoto anayetumwa na babake mangweni hajapata kuisikia.

Jambo ninalotaka lijulikane zaidi ni hili. Jamaa wengi, kwa mapenzi, humfungia mlevi chumbani aache kwa nguvu. Kwa aliyezoea sana, kukatizwa ghafla huweza kuleta kifafa, kuweweseka, hata kifo. Na majirani wakasema karogwa. Kuacha kunawezekana, lakini kwa mtu huyo kuwe mikononi mwa daktari, na hospitali kuu ya kaunti iko pale pale Msambweni. Mpelekeni, na daktari aambiwe kweli mgonjwa hunywa kiasi gani kwa siku, bila kumsitiri.