Wanafunzi Hujua Kabla ya Moto

Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Tangu hapo tumejadili sana milango, madirisha na vizima moto, na mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ikatoa mwongozo wa usalama shuleni. Yote hayo ni ya lazima, ila humfaa mtoto pale tu petroli inapokuwa imekwisha kumwagwa. Kabla ya hapo petroli hiyo hununuliwa, hupenyezwa langoni, hufichwa, na siku hupangwa. Mwaka 2016 zilipochomwa shule zaidi ya 100, siamini kwamba hapakuwa na wanafunzi waliosikia mapema. Walisikia wakanyamaza, na kimya hicho ndicho cha kushughulikiwa kwanza.

Marekani jambo hili limechunguzwa kwa kina. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 2002, juu ya mashambulizi 37 shuleni, ulibaini kuwa katika visa vinne kati ya vitano kulikuwa na mtu aliyejua mpango kabla, na aghalabu alikuwa rafiki au mwanafunzi mwenzake. Silaha zao ni bunduki, zetu ni kiberiti, lakini siri hukaa kwa wale wale: watoto. Baada ya mauaji ya mwaka 1999 katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado lilianzisha Safe2Tell, njia ya kutoa taarifa bila kujitaja. Taarifa hupelekwa shuleni na polisi kwa pamoja, na sheria inalinda siri ya aliyeitoa.

Kwetu, anayetarajiwa kupeleka habari kwa mwalimu ni kiranja. Mwaka huo huo wa 1999, viranja wanne wa Nyeri High School walimwagiwa petroli na kuchomwa wakiwa wamelala. Mwanafunzi anayekijua kisa hicho hatakwenda ofisini mchana kweupe, wenzake wakimtazama, kutaja majina. Kumhubiria ujasiri si haki. Apewe njia isiyomwanika.

Wapo wanaohofia kwamba njia ya siri itawapa wenye chuki nafasi ya kuwasingizia wenzao. Hofu hiyo ina msingi, nayo isipuuzwe. Ndiyo maana taarifa isiyo na jina haipaswi kumwadhibu mtu yeyote: kazi yake ni kuanzisha uchunguzi. Bweni likikaguliwa na petroli isionekane, aliyetajwa hana kosa. Wengine husema tutawalea watoto wawe wasaliti. Kumsema mwenzako kwa kuchelewa foleni ya chakula ni jambo moja, kuokoa wenzako waliolala ni jambo jingine kabisa, na watoto wanaweza kufundishwa tofauti hiyo.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni kwamba masanduku ya maoni tayari yapo katika shule nyingi na hayajazuia kitu. Ni kweli. Sanduku liko mlangoni pa mwalimu mkuu na ufunguo anao yeye, wakati mara nyingi malalamiko yenyewe yanamhusu yeye au walimu wake. Mtoto anayepigwa kupita kiasi au kuguswa vibaya hawezi kuliamini, wala anayetaka kusema juu ya petroli. Ufunguo ukae kwa watu wa nje ya utawala wa shule, mjumbe wa bodi pamoja na afisa wa elimu wa eneo, na sanduku lifunguliwe kila wiki. Kwa kuwa simu haziruhusiwi bwenini, shule iweke simu moja mahali pa faragha ya kupiga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto. Na kila taarifa iandikwe ilifanyiwa nini, maana mtoto akisema na asione lolote, hatasema tena.

Hatua hizi hazingoji sheria mpya wala bajeti kubwa. Wizara iziagize na bodi zizitekeleze kabla muhula wa pili haujafunguliwa, kwa sababu ndio muhula uliobeba mioto mingi ya 2016.