Kwa Watu wa Maili Moja, juu ya Tabibu Aliye Gengeni

Uppsala, Sweden

Wazee wangu wenye heshima, mama zangu, kaka na dada zangu wa Maili Moja,

Nawaandikia kwa sababu ya simu niliyopigiwa na mjomba wangu jioni ya Jumapili iliyopita, akiniomba nimfanyie binti yake njia ya kuja huku. Binti huyo alisoma udaktari miaka mitano Muhimbili, akatimiza mwaka wa utarajali, akapata leseni, na huu ni mwaka wa pili anamsaidia mama yake kupanga nyanya na vitunguu gengeni, ambako wapita njia wenye ulimi mwepesi wamempa jina la daktari wa genge. Mjomba alisema neno moja lililoninyima usingizi: kwamba aibu ya nyumba yake haitaondoka mpaka binti apande ndege.

Aibu hiyo, mjomba, si ya binti wala si yako. Mwaka 2017, madaktari wa Kenya walipogoma, serikali yetu ilikubali kupeleka huko madaktari 500; mahakama ya Kenya ikalizuia jambo hilo, na mwezi wa Aprili Rais Magufuli akaagiza kwamba wale 258 waliokuwa wameomba waajiriwe nyumbani. Siku ile nilifurahi kama wengine, kisha furaha ikanigeukia kuwa swali ambalo sijaliacha mpaka leo: watu hao 258 walikuwa wapi jana yake, ilhali mama mjamzito wa Kisarawe ndani alikuwa akipakiwa kwenye pikipiki usiku akitafuta wa kumhudumia? Daktari haajiriwi na serikali kwa kuwa wagonjwa wapo. Huajiriwa kwa kuwa kibali cha ajira kimetoka na fungu la mshahara limetengwa, na kibali kikichelewa, mgonjwa na tabibu hukaa wilaya moja wasionane. Hilo ni dai la kumfikishia diwani na mbunge kwa sauti kubwa, wala si sababu ya kumsimanga mtoto wa watu.

Sasa niwaambieni habari ya ndege yenyewe, ambayo kwa muda mrefu nimewaficha. Nilifika huku na shahada yangu na leseni yangu mkobani, na siku ile ya kwanza havikunifaa kitu. Ilinipasa kwanza niijue lugha ya wenyeji kwa kiwango cha kuandika habari za mgonjwa pasipo kosa, kisha nifanye mtihani wa maandishi, kisha wa vitendo, kisha nifanye kazi chini ya usimamizi, ndipo nihesabiwe tabibu. Na katika miaka hiyo yote riziki yangu ilitoka katika kuwaogesha wazee na kuwabadilishia mashuka, kazi ya halali ninayoiheshimu hata sasa, lakini ambayo haikuhitaji hata siku moja elimu ambayo taifa letu lilinilipia. Picha niliyowatumia ilinionyesha nimesimama thelujini kwa koti zuri. Ya zamu ya usiku sikuituma, na kwa hilo nawaomba radhi, maana huenda ni mimi niliyemfundisha mjomba kupima heshima kwa tikiti ya ndege.

Tena nchi hii ninayoishi ni miongoni mwa zile za kaskazini, pamoja na Norway, Denmark na Finland, zilizoungana na Tanganyika katika mradi ulioanza hapo kwetu Kibaha mwaka 1963, wenye shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, ili ujinga, maradhi na umaskini vipigwe kwa pamoja. Mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali yetu, na kile kituo cha afya ndicho kilichokua hata kikawa hospitali ya Tumbi. Nchi yetu, kwa hesabu aliyokuwa akiitaja Mwalimu Nyerere, ilipata uhuru ikiwa na madaktari 12. Ikiwa wageni waliiona Kibaha kuwa mahali pa kufanyia utabibu zama hizo, kwa nini sisi wenyewe tuione kuwa mahali pa kuuhama?

Wala msidhani kwamba mlango ni mmoja, wa hospitali. Bagamoyo, mkoani mwetu humo humo, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo leo wanachanjwa watoto wa nchi kadhaa za Afrika. Na Kibaha yenyewe kuna kiwanda cha viuadudu vya kuulia viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Kazi za namna hiyo zinamtaka mfamasia, mtu wa maabara, na daktari mwenye subira ya kuhesabu. Najua nafasi ni chache, na sitaki kumpa binti tumaini la uongo. Lakini ni chache zilizo karibu, na huenda hakuna aliyemtajia.

Mwenzangu niliyesoma naye, ambaye mlimcheka alipokubali kwenda Kisarawe ndani, sasa ndiye mganga mfawidhi wa kituo cha afya huko, na wakunga wa vijiji vinne wanamjua kwa sauti. Juzi nilizungumza naye. Mshahara wa kumpa binti hana, maana kibali si chake. Lakini ana chumba, ana posho ndogo itokayo katika makusanyo ya kituo, na ana wagonjwa wanaopanga foleni tangu alfajiri, na mikono ya binti haitasahau kazi wakati anangoja ajira.

Basi mjomba, zile fedha mlizoanza kuchanga kwa tikiti, toeni humo kwanza ada ya leseni yake ya mwaka huu, isije ikakatika, na nauli ya kwenda Mlandizi na kutoka hapo mpaka Maneromango kituoni. Mwenzangu atampokea Jumatatu. Genge nitaliangalia mimi: nimemtumia mama wa binti fedha za kumlipa kijana wa kumsaidia mpaka mwisho wa mwaka.