Lego Si Sacco

Wasee, tuongee hii maneno ya Lego.

Kwa miezi kadhaa sasa kila nikifungua simu napatana na vidio ile ile. Jamaa wa ng'ambo amesimama mbele ya rafu imejaa maboksi ya Lego hayajafunguliwa, anagonga boksi moja na kidole, anasema hizi zimeshinda dhahabu. Halafu zinakuja vidio za hapa kwetu, za vijana wa umri wangu, wakisema hii ndiyo njia ya kuomoka bila presha: nunua boksi, ficha chini ya kitanda, ngoja miaka mitano, uza.

Ningenyamaza, lakini kijana wa mwaka wa pili kampasi aliniandikia inboksi akiuliza kama achukue pesa yake ya HELB anunue seti moja kubwa ya Star Wars. HELB, wasee. Pesa ya deni, pesa ya chakula. Nilimjibu kwa kifupi. Hapa najibu kwa urefu, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Msimamo wangu ni huu: Lego ni kitu poa sana kununua, kujenga na kukusanya. Kama uwekezaji wa kijana anayeishi Nairobi, Kisumu au Mombasa, hesabu haitoki. Na hao wanaokuambia inatoka hawajaipiga hadi mwisho.

Tuanze na ukweli wao, maana upo. Kuna utafiti wa kweli. Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova wa chuo kikuu cha HSE kule Moscow waliangalia bei za seti 2,322 zilizotoka kati ya 1987 na 2015, wakafuatilia zinavyouzwa mkono wa pili. Wakapata kwamba kwa wastani zilipanda angalau 11% kwa mwaka, kwa dola. Hiyo imepita dhahabu, imepita hisa nyingi. Kwa hivyo yule jamaa wa rafu hajadanganya, amekata tu stori katikati.

Inafanyaje kazi? Kampuni ya Lego, iliyoanzishwa Billund, Denmark, mwaka wa 1932, haiuzi seti moja milele. Seti nyingi hukaa sokoni miaka michache, halafu zinastaafishwa. Kiwanda kinaacha kuzitengeneza na zilizobaki ndizo hizo. Sasa mtu mzima wa Marekani aliyeitamani akiwa mtoto, leo ana mshahara, anaitaka, na duka halina. Hapo bei inaanza kupanda. Mfano ni Café Corner ya 2007, lile jengo la kona lililoanzisha mfululizo wa majengo ya mtaa. Dukani lilikuwa karibu dola 140. Boksi ambalo halijafunguliwa limekuja kuuzwa kwa zaidi ya dola elfu moja.

Lakini jiulize: kwa nini yamebaki machache? Ni kwa sababu watoto na watu wazima walifungua yao. Walijenga, wakapoteza vipande, wakatupa boksi. Faida ya aliyeficha inatoka kwa waliocheza. Sasa fikiria kila mtu ameona vidio ile ile na kila mtu ameficha boksi lake chini ya kitanda. Miaka mitano ikiisha, wote mnatoka siku moja kutafuta mnunuzi. Mnamuuzia nani? Seti za 1987 hadi 2015 zilipanda katika dunia ambayo watu wengi walinunua Lego ili wachezee. Dunia ya rafu zilizojaa maboksi hayajafunguliwa ni dunia nyingine, na ule wastani haukupimwa humo.

Pia hiyo 11% ni wastani. Kwa utafiti huo huo kuna seti zilizopanda hadi 600% kwa mwaka na kuna zilizoshuka hadi 50%. Mtu mwenye seti mia mbili anaweza kuishi kwa wastani. Wewe una seti moja. Hakuna wastani wa kitu kimoja, wewe unapata ulichopata.

Na kuna hatari ambayo haipo hata kwa dhahabu: mwenye kiwanda anaweza kuamka siku moja akakutengenezea mshindani. Mwaka wa 2008 Lego walitoa Taj Mahal, vipande zaidi ya 5,900, bei karibu dola 300. Ikastaafishwa, bei ikapanda hadi watu wakaanza kuitaja kama mfano wa utajiri. Mwaka wa 2017 Lego wakaitoa tena, karibu ile ile, kwa dola 370. Aliyekuwa ameikalia ile ya zamani kwa maelfu aliona bei ikiporomoka. Mwaka huo huo wakatoa Millennium Falcon mpya ya vipande 7,541, kubwa kuliko ile ya 2007 iliyokuwa inaabudiwa na wakusanyaji. Ile ya zamani nayo ikashuka. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Ni kampuni ya vichezeo inauza vichezeo. Dhahabu haina mtu wa Billund anayeamua itengenezwe upya kwa bei nafuu.

Sasa turudi nyumbani, tupige hesabu na shilingi.

Chukua seti ya dola 500. Kwa rate ya shilingi 130 hivi kwa dola, hiyo ni ngiri 65. Lakini hiyo ni bei ya kule. Kuna usafiri. Kuna ushuru wa forodha. Kuna VAT ya 16%, na hiyo haipigwi kwa bei ya boksi pekee, inapigwa juu ya bei ukijumlisha usafiri na ushuru. Tuseme, kwa roho safi kabisa, limetua mlangoni kwako kwa ngiri 90.

Ngoja miaka mitano. Tukupe ile 11% ya wastani kila mwaka, bila kukosa. Ile bei ya kule ya ngiri 65 sasa imefika karibu 109,500. Unapost kwa soko la mtandaoni la kimataifa, kwa sababu wanunuzi wengi wa bei hiyo wako Marekani na Ulaya. Masoko hayo hukata kamisheni. Tuseme 10%: hapo 10,950 imeenda. Umebaki na 98,550. Boksi ni kubwa na zito, lazima lisafiri na lifike bila kubonyea. Tuseme 8,000, ingawa unaweza kulipa zaidi. Umebaki na 90,550.

Miaka mitano, faida 550. Hiyo haikutoshi hata nauli ya wiki.

Utasema mnunuzi ndiye alipe usafiri. Sawa, lakini ana jirani yake kule Texas mwenye boksi hilo hilo, anaweza kulifuata na gari. Yako itabidi iwe bei rahisi zaidi. Pia mnunuzi anajua kuna feki. Mwaka wa 2019 polisi wa Shanghai walivamia viwanda vya Lepin, waliokuwa wanaiga seti za Lego hadi picha ya boksi. Sasa weka akilini mtu wa Ohio anaona boksi la maelfu ya dola linauzwa na mtu asiyemjua, akaunti mpya, Nairobi. Wewe ungetuma pesa?

Na uuze hapa hapa? Wapo wanaopenda Lego Nairobi, na wengine wana pesa. Lakini soko dogo lina shida moja: siku una shida ya pesa ndiyo siku hakuna anayenunua. Fees imefika, mama amelazwa, mwenye nyumba amefunga mlango na kufuli, na utajiri wako ni boksi la kadibodi. Sacco utaomba mkopo. Money market fund utatoa pesa baada ya siku chache. Boksi utalipiga picha na kusubiri.

Halafu kuna mambo ya nyumba. Hiyo 11% inadai boksi safi, lisilo na kona iliyobonyea, lisilofifia kwa jua, lisiloguswa na maji. Wewe unaishi bedsita. Paa linavuja Aprili. Kuna panya wanaokujua kwa jina. Umehama mara tatu kwa miaka miwili, na vitu vyako vilibebwa nyuma ya Probox na sufuria juu yake. Yule jamaa wa rafu ana chumba kizima cha hiyo kazi. Wewe boksi hilo litakuwa linalala kitandani na wewe kwa zamu.

Kuna hoja moja ya upande wao ambayo naiheshimu: bei ya Lego iko kwa dola, na shilingi huanguka. Kweli. Mwaka wa 2007 dola ilikuwa chini ya shilingi 70. Mwanzo wa 2024 iligonga 160. Lakini mwaka huo huo ilirudi hadi karibu 130. Aliyenunua seti ya dola 500 ikiwa 160 alitoa ngiri 80. Miezi michache baadaye boksi hilo hilo, bila kuguswa, lilikuwa la ngiri 65. Kama unataka dola, kuna njia za kushika dola ambazo panya hawali.

Linganisha na kitu kilichokuwa hapa hapa. Februari 2024 serikali iliuza infrastructure bond ya miaka minane na nusu kwa riba ya 18.46%, bila kodi, kuanzia ngiri mia moja. Hiyo ni 18,460 kwa mwaka, inakujia mara mbili, hupaki wala husafirishi. Riba kama hizo haziji kila siku, na kukopesha serikali yetu nako kuna woga wake. Lakini angalau unajua nani anakudai na nani unamdai. Huna ngiri mia? Chama chenu, Sacco, au fund ambayo unaanza na pesa ya mkate. Hizo hazina sura nzuri kwa vidio, na hapo ndipo siri ilipo.

Mimi hula kupitia kontenti, kwa hivyo niwaambie vile jikoni kunakaa. Mtu anayekuonyesha rafu ya Lego hategemei kuuza Lego. Anategemea wewe uangalie hadi mwisho. Rafu yenye rangi inashika macho kuliko karatasi ya Sacco. Boksi lake likishuka bei, yeye bado amelipwa na vidio. Boksi lako likishuka, umebaki na boksi. Kila mara mtu akikuonyesha uwekezaji, uliza kwanza yeye analipwa na nini: na kitu chenyewe, ama na macho yako.

Kuna watakaosema nachukia wanaokusanya. Hapana, na hapa nataka nieleweke. Mtu mzima kununua Lego si utoto, hata kama shangazi yako atauliza kama una mtoto hujamwambia. Kuna raha ya kukaa Jumapili nzima bila simu, unafuata kijitabu, unaona mashine inasimama mikononi mwako. Kuna akili pia. Lego walisajili hataza ya tofali lao Januari 1958, na tofali la mwaka huo bado linashikana na la leo. Umri wa babu yako, na bado linaingia tap. Ni vitu vingapi nyumbani kwenu vinaweza kusema hivyo? Chaja ya simu yako ya mwaka juzi tayari haiingii.

Hiyo ndiyo thamani yenyewe. Ukifungua boksi, umelipwa siku hiyo hiyo. Ukimaliza, unabomoa unajenga kingine. Ndugu yako mdogo anachukua. Hata ukikwama, vipande vilivyotumika vina soko lake. BrickLink, ambayo Lego wenyewe waliinunua 2019, imejengwa na watu wanaouziana kipande kimoja kimoja. Hasara ya seti iliyojengwa ina mpaka, kwa sababu tayari umeila raha yake. Hasara ya seti iliyofichwa ni hasara tupu: hukucheza, hukuuza.

Kwa hivyo sheria yangu ni rahisi. Nunua Lego na pesa ya raha, ile ile ambayo ungekula nyama choma nayo au kwenda konsati. Usinunue na HELB, usinunue na Fuliza, usinunue na pesa ya chama. Kama bei ya seti inakufanya uogope kuifungua, hiyo seti ni kubwa kuliko mfuko wako, chukua ndogo. Na kama pesa unayotaka ni ya kesho, ipeleke mahali panapoboa. Pesa ya kesho inapenda mahali panapoboa.

Na wewe wa mwaka wa pili, najua unasoma hapa. Lipa rent kwanza. Ikibaki ngiri mbili, nunua kagari kadogo ka Lego, ukafungue usiku huo huo, ukajenge.