Bia Kali ya Ubelgiji na Adabu Yake

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unavuka bahari hadi Ubelgiji, nchi ndogo ambayo jina lake si geni masikioni mwa watu wa Burundi, Rwanda na Kongo. Enzi za utawala wao, Wabelgiji walianzisha kwetu viwanda vya bia: kile cha Léopoldville kiliundwa mwaka 1923, cha Usumbura mwaka 1955, na cha Gisenyi mwaka 1957. Lakini bia iliyovipa viwanda hivyo jina ni ile nyepesi ya rangi ya dhahabu, inywewayo ikiwa baridi sana, ambayo asili yake ni Ulaya ya kati. Bia ya kale ya Wabelgiji, ile nzito na kali wanayojivunia hadi leo, ni nyingine kabisa. Inafaa tuifahamu, kwa kuwa historia yake ina funzo kwa kila nyumba ambamo chupa hufunguliwa.

Bia za Ulaya, zikipangwa kwa namna zinavyochachuka, ni za koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza huchachuka katika baridi. Hamira yake hufanya kazi polepole na mwishowe hutua chini ya pipa. Hizo ndizo bia nyepesi tulizozizoea. Ukoo wa pili huchachuka katika joto la digrii 20 au zaidi, na hamira yake hupanda juu na kuelea kama povu zito. Bia kali ya Ubelgiji ni ya ukoo huu wa pili. Kwa jambo hili inakaribiana zaidi na pombe ya mtama na ya ndizi ya wazee wetu, ambayo haikungoja barafu wala mashine ya kupoza, bali iliiachia hamira ifanye kazi yake katika joto la nyumba.

Malighafi yake si ya ajabu: maji, kimea cha shayiri, maua machungu ya mmea utambaao uitwao hopsi, hamira, na mara nyingi sukari. Msomaji asidhani kwamba sukari hiyo hutiwa ili bia iwe tamu. Hamira huila yote na kuigeuza kuwa kilevi na hewa, hivyo bia huwa kali bila kuwa nzito mdomoni. Hapo ndipo penye hila yake: hushuka kooni kwa wepesi, na nguvu yake hujulikana baadaye.

Na ladha je? Anayeionja kwa mara ya kwanza huweza kuapa kwamba mpishi ametia karafuu, pilipili manga na ndizi mbivu. Wako wapishi watiao giligilani au maganda makavu ya machungwa, lakini mara nyingi hakuna kiungo chochote kilichotiwa. Ni hamira yenyewe, ifanyapo kazi katika joto, izaayo harufu zile. Bia ya rangi ya kahawia huongeza ladha ya zabibu kavu, tende, sukari iliyoungua na hata kahawa, kutokana na kimea kilichokaangwa na sukari iliyopikwa hadi ikageuka rangi. Ile ya rangi ya dhahabu huwa kavu zaidi, yenye uchungu mwishoni mwa ulimi.

Sasa tuitazame historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ubelgiji ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 3,000, vingi vikiwa vidogo vya kijiji. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilivivunja. Jeshi la Ujerumani lililoikalia nchi lilichukua masufuria ya shaba kwa ajili ya silaha, na viwanda vingi havikufunguliwa tena.

Amani iliporudi, serikali ilikabiliwa na tatizo jingine. Wafanyakazi wengi wa viwandani na migodini walikuwa wakiumaliza ujira wao kwa jenever, pombe kali iliyokenekwa, wakati watoto wakilala njaa. Waziri wa Sheria, Emile Vandervelde, mwanasiasa wa chama cha wafanyakazi, alisimamia sheria ya Agosti 1919 iliyopiga marufuku uuzaji wa pombe za kukenekwa katika mabaa na mikahawa. Dukani ziliruhusiwa, lakini mnunuzi alilazimika kuchukua si chini ya lita mbili kwa mara moja, kiasi ambacho mfuko wa kibarua haukukimudu. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka 60, hadi ilipofutwa mwaka 1983.

Nia ilikuwa njema, na matokeo yake yalikuwa na pande mbili. Unywaji wa jenever ulipungua sana. Lakini mteja aliyeizoea pombe yenye kuchoma hakuridhika na bia nyepesi, na wapishi wa bia waliiona nafasi hiyo. Bia kali zilikuwapo tangu karne ya 19, lakini baada ya 1919 zilipata soko ambalo hazijapata kuwa nalo kabla. Mlango mmoja ulifungwa, na kiu ikaingia kwa mlango mwingine.

Mfano ulio maarufu ni wa ukoo wa Moortgat katika kijiji cha Breendonk, uliokuwa ukipika bia tangu mwaka 1871. Baada ya vita, Albert Moortgat alisafiri hadi Uskoti kutafuta hamira, kwa kuwa bia za Waingereza zilipendwa sana wakati ule. Alirudi nayo, na bia iliyotoka humo ikaitwa kwanza Victory Ale, kwa kumbukumbu ya ushindi wa vita. Husimuliwa kwamba mshona viatu wa kijijini alipoionja alisema ni shetani hasa, na tangu mwaka 1923 inauzwa kwa jina la Duvel, yaani shetani katika lahaja ya pale. Kilevi chake ni asilimia 8.5. Kwanza ilikuwa ya rangi ya kahawia. Karibu na mwaka 1970 ndipo ilipopata rangi ya dhahabu iliyo nayo sasa.

Upande wa pili wa historia hii umo ndani ya kuta za abasia. Watawa Watrapisti huishi kwa kazi ya mikono yao, na kanuni yao haikuwakataza bia. Abasia ya Westmalle ilianza kupika mwaka 1836 kwa matumizi ya watawa wenyewe. Ile ya Scourmont, ipikayo bia ya Chimay, ilianza mwaka 1862. Na Orval ilijenga kiwanda chake mwaka 1931 ili kupata fedha za kuijenga upya abasia iliyokuwa magofu. Mwaka 1934 Westmalle ilitoa bia ya dhahabu iitwayo Tripel, yenye kilevi cha asilimia 9.5, nayo ikawa kielelezo kilichoigwa na wengi. Rochefort wanayo ifikayo asilimia 11.3. Watawa wa Scourmont si wageni kabisa katika pande zetu, kwani ndio walioianzisha Abasia ya Mokoto huko Kivu ya Kaskazini mwaka 1954.

Kanuni za alama ya bia ya Watrapisti ni tatu: ipikwe ndani ya eneo la monasteri, isimamiwe na watawa, na faida yake iende kwenye matunzo ya monasteri na misaada kwa wahitaji. Kanuni hizo si maneno matupu. Abasia ya Achel ilipokosa watawa wa kukaa humo, bia yake iliipoteza alama hiyo mwaka 2021, ingawa mapishi yalikuwa yaleyale. Leo zimebaki abasia tano nchini Ubelgiji zenye haki nayo.

Hapa tufanye hesabu kidogo. Chupa kubwa ya bia tuliyoizoea kwetu ina sentilita 72, na kilevi chake ni asilimia 5; basi mna sentilita 3.6 za kilevi kitupu. Chupa ndogo ya bia kali ya Ubelgiji ina sentilita 33, na ikiwa ni ya asilimia 10, mna sentilita 3.3. Kwa hiyo chupa ndogo moja inakaribia chupa kubwa nzima! Mtu azinywaye tatu kwa haraka, akijipa moyo kwamba ni vichupa tu, amekunywa karibu chupa kubwa tatu kabla mwili wake haujapata nafasi ya kumwonya. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndiyo maana Wabelgiji waliizungushia bia hiyo adabu zake. Huuzwa kwa chupa ndogo. Kila bia ina bilauri yake, yenye shina na mdomo mpana au uliobanwa, ili harufu ikusanyike na mnywaji anuse kabla ya kumeza. Ile ya kahawia hainywewi ikiwa ya barafu. Digrii 10 hadi 14 zatosha, yaani ubaridi wa maji ya mtungini zaidi ya ule wa jokofu. Humiminwa polepole, bilauri ikiinamishwa, na kidole kimoja cha mwisho huachwa chupani, kwa kuwa chini mna hamira. Mashapo hayo si uchafu: bia hutiwa hamira mpya na sukari kidogo kabla ya kuzibwa, ikachachuka mara ya pili humo chupani, ndipo ikapata povu lake zito. Na haikosi kitu cha kutafuna pembeni, kama kipande cha jibini chenye haradali. Bilauri moja huweza kuchukua saa nzima ya mazungumzo.

Jikoni nako ina kazi. Mapishi mashuhuri ya Waflemi ni nyama ya ng'ombe iliyochemshwa katika bia ya kahawia. Kata kilo moja ya nyama vipande vikubwa, uikaange hadi ibadilike rangi, kisha uiweke kando. Katika mafuta yaleyale kaanga vitunguu vinne hadi vilainike. Rudisha nyama, mimina bia sentilita 33 na maji ya kuifunika, tia chumvi, pilipili manga, kijiko cha sukari na kijiko cha siki. Paka haradali kwenye kipande cha mkate, ukilaze juu ya nyama. Kitayeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Funika, uache juu ya moto mdogo kwa saa mbili na nusu au tatu. Kilevi hakitoki chote kwa kupikwa, kwa hiyo nyumba isiyotumia pombe, au yenye watoto mezani, itumie supu ya mifupa badala ya bia na kuongeza kijiko cha pili cha siki. Chakula bado kitakuwa kitamu.

Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Tuzingatie kilichoandikwa humo: si chupa wala kiwanda fulani, bali ujuzi wa kupika na desturi za kunywa pamoja. Kwetu pia pombe ya mtama ilikuwa na adabu zake. Ilinywewa kwa mirija kutoka mtungi mmoja, katika mahari, mavuno au upatanisho, mbele ya wazee waliojua nani amekwisha kutosheka. Hatari yetu leo ni kuchukua kilevi kikali bila adabu yoyote: kichupa kinunuliwacho njiani, kinachomalizwa mtu akiwa amesimama peke yake, tumbo likiwa tupu.

Hatusemi haya ili kumhimiza yeyote anywe. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Mama mjamzito asiiguse kabisa, kwani kilevi humfikia mtoto tumboni. Na dereva asubiri hadi afike nyumbani. Bali kwa nyumba ambamo bia hunywewa, tunashauri baba na mama wajizoeze mambo manne: kusoma asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kabla ya kuifungua, kula kwanza, kumimina katika bilauri, na kuweka kikomo wakati akili ingali timamu. Waziri Vandervelde aliweza kuwafungia watu mlango wa baa, lakini mlango wa nyumbani hulindwa na wenye nyumba wenyewe.