Nyumba Isiyo na Dirisha Sio Ujinga



Kazi yetu wahudumu wa afya wa kujitolea ni kupita nyumba kwa nyumba. Tunauliza kama watoto wanalala ndani ya chandarua, kama kuna mtu anayekohoa zaidi ya wiki mbili, kama choo kina mfuniko. Tukikaribishwa ndani, mara nyingi inabidi kusimama kidogo mlangoni mpaka macho yazoee, maana saa sita ya mchana ndani ni giza. Dirisha hakuna. Au lilikuwepo, likazibwa kwa matofali. Wapo wanaosema watu wa nyumba kama hiyo hawajui afya, kwamba wamefundishwa mara nyingi na hawasikii. Mimi sikubali, na ndiyo sababu naandika.

Anayeziba dirisha amepiga hesabu. Ndani ya chumba hicho kimoja kuna sufuria, jembe, unga wa mwezi mzima, simu na karatasi zote za familia. Kufuli ni moja, ya mlangoni. Dirisha lenye mbao na bawaba ni pesa, na dirisha tupu ni njia ya mwizi. Mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi, na mtoto mchanga halali vizuri upepo ukimpiga. Tena wengi wetu tulioingia Zambia kwa Chienge mwaka 2017 tulikuwa tunakimbia mapigano ya Tanganyika na Haut-Katanga. Aliyewahi kuamshwa usiku na kelele za watu nje hapendi ukuta wenye tundu kubwa. Huyo utamwambia nini kuhusu hewa safi?

Shida ni kwamba ugonjwa hauangalii hesabu zetu. Mgonjwa wa kifua kikuu ambaye bado hajaanza dawa akikohoa, vijidudu vinabaki vikielea hewani kwa masaa, na katika chumba kilichofungwa watoto wake wanavivuta usiku kucha. Moshi wa jiko la ndani nao unaharibu mapafu na macho. Na malaria tunaijua. Mkoa wa Luapula ni kati ya mikoa ya Zambia inayoteswa zaidi na malaria, na hapa Nchelenge mbu wake hawana likizo, wanauma mwaka mzima, hata kiangazi.

Kuhusu mbu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mbu hufuata pumzi yetu. Nyumba isiyopitisha hewa inajaa pumzi ya waliolala, na pumzi hiyo inatokea kwenye ule uwazi kati ya ukuta na paa. Mbu anausikia mwito pale pale, na pale pale anaingia. Kwa hiyo nyumba bila dirisha haikumzuia, imemwonyesha mlango. Tena joto likizidi, chandarua kinatupwa pembeni.

Basi tunataka nyumba ya bei ya mkimbizi, inayopitisha hewa, isiyoingiza mwizi wala mbu. Inawezekana, na karibu bila pesa. Ukuta ukikaribia kuisha, katika mistari mitatu ya mwisho chini ya paa, matofali yasibanane. Kati ya tofali na tofali uachwe upenyo wa upana wa ngumi. Mstari unaofuata unakaa juu ya nafasi hizo, kama wavu wa udongo. Ufanyike kwenye kuta mbili zinazotazamana, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Mwizi hapiti kwenye ngumi. Upepo unapita juu ya vichwa vya waliolala, sio juu ya mtoto. Kwa ndani unabandikwa wavu, na chandarua kilichochakaa ambacho hakifai tena kitandani kinatosha kabisa (kizima ni cha kulalia, wala sio cha kuvulia samaki ziwani, wanaofanya hivyo wanajijua). Kisha ule uwazi wa juu, kati ya ukuta na miti ya paa, uzibwe kwa udongo mpaka mwisho. Kama mnagawa nyumba vyumba viwili, ukuta wa kati usifike juu, usije ukafunga njia ya hewa.

Pesa kidogo ikipatikana, iende kwenye paa. Kuna watu wanauza unga ili wachome matofali, na tanuru linakula kuni nyingi ajabu wakati kuni ndizo zinatugombanisha na wenyeji. Tofali bichi linadumu likiwa kavu. Mvua yetu inaanza mwezi wa kumi na moja na kuisha mwezi wa nne, na kinachoangusha ukuta ni maji yanayorukia chini yake. Paa lizidi ukuta kwa nusu mita au zaidi, sakafu iinuliwe, mtaro uchimbwe kuzunguka. Na shimo la matofali lisiachwe wazi likawa bwawa la kuzalisha mbu. Kama udongo wa chini unafaa, chimbeni pale pale mtakapoweka choo, mbali na kisima mita 30 au zaidi.

Sasa neno kwa mashirika yanayotusaidia. Nimeona nyumba za mfano zenye dirisha kubwa zuri, na kabla ya mvua ya kwanza dirisha lilikuwa limejengwa likafungwa. Fundi alichora, mwenye nyumba hakuulizwa. Hili halikuanza leo. Huko Misri, miaka ya 1940, mjenzi mwenye sifa kubwa, Hassan Fathy, alijenga kijiji kipya cha matofali ya udongo karibu na Luxor. Nyumba zilikuwa za bei nafuu na za kupendeza. Watu waliojengewa wengi walikataa kuhama.

Mkoani Mtwara, Tanzania, zimejengwa nyumba 110 za majaribio ya afya: ghorofa mbili, watu wanalala juu, kuta zinapitisha hewa na kuzuia mbu. Watoto waliolala humo waliugua malaria kidogo kuliko wa nyumba za kawaida. Ni kazi nzuri, ingawa bei yake sio ya mfuko wetu. Kinachonivutia zaidi kiko Kalobeyei, Kenya, ambako familia za wakimbizi zilipewa pesa za ujenzi mkononi, zikatafuta mafundi na vifaa zenyewe. Anayelipa fundi ndiye anayesema dirisha likae wapi. Naomba na hapa Mantapala tufikiriwe hivyo, hata kama ni pesa ya paa tu.

Wakati tunasubiri, matofali yanafyatuliwa kiangazi hiki. Fundi akifika mistari mitatu ya mwisho, mwambieni asimame kwanza, aitwe mama mwenye nyumba aonyeshe kwa kidole matundu yakae upande gani. Yeye ndiye anajua kitanda kitawekwa wapi, na jirani yupi ana macho marefu.