Ukigawa sodo, kamera ni ya nini?

Kijana mwenzangu, huenda unajitolea katika shirika la mtaani, ama uko kwenye mafunzo ya nyanjani ya diploma yako ya kazi za jamii. Hongera. Lakini hebu fungua simu uhesabu: una picha ngapi za watoto wa watu wakipokea unga, viatu au sodo, nyuso wazi, jina la shule likisomeka kwenye sweta?

Najua utajibu, "Niliwauliza wakakubali." Sawa, uliwauliza lini? Mama amepiga foleni tangu asubuhi, pakiti mbili za unga ziko mkononi mwako, ndipo unamwambia, "Mama, tupige picha kidogo?" Atasema nini? Anahofia kwamba akikataa, jina lake halitakuwa kwenye orodha wiki ijayo. Hiyo si ridhaa. Huyo amelipia unga kwa uso wake. Na msichana wa Gredi ya 7 uliyempiga picha akiinua pakiti ya sodo ndiye atakayechekwa Jumatatu, si wewe.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data za mtoto, na picha ni data. Mwaka 2023, shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hao angalau ni wazazi wanaolipa karo, wana sauti. Yule mama wa foleni atamshtaki nani, na kesho anarudi kwako?

Eti wafadhili wanataka ushahidi. Kweli, na kwa jinsi pesa za misaada zinavyoliwa hapa kwetu, hawakosei kuuliza. Ila risiti ya duka la jumla ni ushahidi. Daftari lenye sahihi ni ushahidi. Hata picha ya magunia yakishushwa. Mfadhili akikataa hayo yote na kutaka machozi, mimi ningemshuku.

Kabla ya ugawaji unaofuata, pendekeza ofisini kwamba ridhaa iombwe siku tofauti, na mtu asiyeshika orodha. Utaambiwa unachelewesha kazi. Pendekeza tu. Na zile picha za watoto zilizo kwenye ukurasa wenu wa Facebook, anza kuzifuta leo.